Pazia ya Meli za Madame Odile

Nyinyi vijana munaobeba frigo za watu kwa mugongo na muziki ndani ya masikio, zimeni kidogo hiyo muziki. Niko na neno kuhusu upepo.

Frigo haiogopi upepo. Kitanda haiogopi. Piano, upepo yenyewe inaizunguka kwa heshima. Lakini tabulo, ile picha ya rangi ya kutundika ukutani, watoto wangu, tabulo ni tanga. Unatoka mulangoni umeikumbatia, kifua wazi, kama bwana harusi anabeba bibi harusi, na upepo inakuona toka mbali, inasema: "Ah, wa leo ni huyu." Mimi ilinibeba hapa Bruxelles, pale Koekelberg, karibu na ile Basilika kubwa yenye kichwa cha kijani. Ilinipandisha mpaka nikaona njiwa kwa mugongo. Ulishasikia mutu anaona mugongo ya njiwa akiruka? Ni rubani, na mimi.

Bosco, mwenzangu wa kazi, alikuwa ameshika upande ingine. Akapiga kelele: "Papa Saidi, achilia!"

Nikamujibu toka kule juu: "Niachilie niende wapi? Niko hewani!"

Leo ukimuuliza Bosco, atakuambia miguu yangu iliacha chini kwa muda wa mutu kupiga chafya. Bosco ni mutu wa Uvira, anapenda kupunguza mambo.

Donc, shika hii: tabulo kubwa inatembea ubavu. Upepo umupe ukali ya kisu, usimupe tumbo. Na hakuna kurudi nyumanyuma, hata kama mwenzako anakuambia "njoo, njoo, iko nafasi." Wale wote waliambiwa "iko nafasi" leo wako na goti kama yangu.

Sasa ile tabulo iliyonirusha ilikuwa ya meli. Munaona? Meli za matanga, na yenyewe ikataka kuondoka.

Ilikuwa kazi ya Mwingereza, ya zamani za malkia wao Victoria. Deux mètres, mita mbili ya upana na kitu juu, na fremu ya dhahabu nzito kama dhambi. Bahari yake ilikuwa rangi ya chai yenye maziwa kidogo. Kushoto uliona muji wa bandari, machimni ya viwanda na moshi, maghala, munara ya taa. Katikati, meli kubwa ya matanga, lakini matanga karibu yote yamekunjwa, na mbele yake meli moja kadogo ka moshi inaivuta na kamba. Ka meli kadogo kachafu, kanapiga moshi mweusi kama mama anapika na kuni mbichi. Halafu chini kabisa, karibu na fremu, mashua ya watu wanapiga makasia, na mumoja amesimama, kofia nyekundu, ametupa mugongo. Uso wake hatuoni. Anaitazama ile meli kubwa.

Na hapo ndipo kulikuwa vita yetu yote ya miaka: ile meli inafika, ama inatoka?

Ngoja, nitarudi. Kwanza Gust.

Mimi nilifika Bruxelles najua kubeba tu. Baba yangu alikuwa mupakuzi kwa bandari ya Bujumbura, mimi nimekulia Buyenzi, mifuko ya saruji na maboksi ya samaki ndagala ndiyo shule niliyosoma. Patron wa kampuni ya kuhamisha watu akanitia kwa mikono ya Gust, mutu wa hapa hapa, Muflamand, tumbo yake ilikuwa inaingia ndani ya nyumba ya mteja, wateja wanasalimia, halafu yeye mwenyewe anafika. Ile mutu alikuwa anakunywa bia saa ine ya asubuhi na fremu yake haikugusa mulango hata mumoja. Mimi na termosi yangu ya chai, niligonga milango yote.

Siku ya kwanza aliniangalia kiunoni. Nilikuwa nimevaa mukanda yenye kifungo kubwa ya chuma, picha ya simba. Nilifikiri niko bien habillé, nimependeza. Gust akashika mukanda, akaizungusha mpaka simba ikaenda kwa makalio. "Saïd," anasema, "simba inakula verni, ile rangi ya kung'aa ya meza za watu." Toka siku hiyo nikatembea na simba nyuma miaka yote. Zaina, bibi yangu wa ndoa, aliniuliza kama ninavaa nguo gizani.

Akanifundisha kugonga ukuta. "Ukuta ya Bruxelles ni biskuti." Unagonga na kifundo cha kidole kabla ya kushika hata musumari. Ikilia kama ngoma, sogea. Ikilia kama mutu ananyamaza, hapo ndipo. Na misumari miwili, mbali-mbali, siyo mumoja. Tabulo ya musumari mumoja inacheza kila tram ikipita, na kwa mutaa wetu wa Schaerbeek tram zinapita. Leo munatumia ile taa nyekundu inapiga laini kwa ukuta, voilà, kila kitu iko sawa. Sikatai. Lakini tabulo ya bahari, Gust alikuwa anasema, usinyooshe fremu, nyoosha bahari. Fremu ikiwa sawa lakini bahari imelala upande, mwenye nyumba atakunywa supu yake kila jioni na kichefuchefu bila kujua sababu.

Na kitu ingine: ukiileta toka baridi, usiivue blanketi palepale. Tabulo ni mugeni. Mugeni akifika unamuacha akae, apate joto, ndiyo unamwambia toa koti.

Bon. Mara ya kwanza niliingia kwa Madame Odile, mwenye ile tabulo ya meli, nilikuwa na Gust. Nyumba yake ya Koekelberg ilikuwa na salon ndefu mpaka ukiita upande mumoja, unangojea jibu. Alikuwa anapakisha rangi kuta, tukashusha zile meli, tukaziegemeza chini. Gust akaenda kwa bia yake. Ikawa adhuhuri. Nikamuuliza Madame kama naweza kusali kwa kona. Akasema, mais bien sûr, bila shaka, akaenda jikoni.

Nikatandika koti yangu. Natazama mbele: ile mashua, na watu ndani, uso kwa uso na mimi.

Sasa nyinyi mulio na wazee wa Buyenzi munaelewa: hatusali mbele ya sura ya mutu. Kwa shangazi yangu, picha ya bwana yake na nguo ya kiaskari, tulikuwa tunaigeuza ukutani kila saa ya swala. Mara tano kwa siku. Ule bwana alikuwa anajua ile ukuta kuliko fundi aliyeijenga. Donc mimi, bila kufikiri, nikashika meli za Madame, polepole, mikono miwili, nikazigeuza uso kwa ukuta. Nikaanza kusali.

Niko kwa rakaa ya pili, nasikia nyuma yangu: "Bwana! Nani amepa meli yangu adhabu?"

Kiswahili! Ndani ya Koekelberg! Mimi niko kwa swala, siwezi kujibu. Yeye anangojea. Nainama, yeye anasema: "Bwana, sema!" Nasujudu, yeye anasema: "Bwana, simama!" Watoto wangu, ile swala, malaika aliyeiandika aliandika huku anashika mbavu. Nilipotoa salamu nikamueleza, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Alikuwa amezaliwa kwetu, zamani ile wakati muji wetu Bujumbura ilikuwa inaitwa Usumbura. Na Kiswahili yake karibu yote ilikuwa ya kuamuru tu, mengine tuliongea Kifaransa. Leta maji. Funga mulango. Ondoa viatu. Kamata hapa. Chunga. Hakujua "asante", hakujua "tafadhali", kwa sababu wale waliomufundisha ni wapishi na walinzi, na alichosikia ni kile wazazi wake waliwaambia. Nilimwambia: "Madame, wewe unaongea kama kapita anasimamia watu wa kazi." Akajibu: "Leta chai, na kaa chini." Ilikuwa ndiyo njia yake ya kusema karibu.

Baba yake alikuwa mutu wa mashine kwa meli za ziwa. Anaenda Kigoma, anaenda Albertville, ile munaita Kalemie, anaenda mpaka Mpulungu. Ile tabulo aliipata Kigoma kwa Mwingereza mumoja aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka mizigo. Ikavuka ziwa Tanganyika juu ya mifuko ya pamba, ikashushwa Usumbura. Na nani alikuwa anashusha mizigo Usumbura? Baba yangu! Mimi nawaambia watu wote kwamba baba yangu ndiye aliibeba. Sina ushahidi. Lakini na mutu mwenye ushahidi kwamba hakuibeba, ajitokeze.

Ile mutu wa mashine, kila akitaka kusafiri, alikuwa anamusimamisha binti yake mbele ya tabulo. Anamwambia: "Usilie. Tazama meli. Inafika." Na kweli, baada ya siku chache, firimbi inalia bandarini, baba huyu hapa, ananuka mafuta. Donc kwa Madame Odile haikuwa swali. Meli inafika. Alishaambiwa.

Miaka ikapita. Gust akaenda pensheni, mimi nikapewa Bosco. Kila Madame akichoka na salon, anaita: Saidi, hamisha meli. Salon, chambre, corridor, salon tena. Zile meli zimesafiri ndani ya ile nyumba kuliko zilivyosafiri na Mwingereza. Halafu nikiwa karibu na pensheni yangu, patron ananiambia: "Koekelberg. Kila kitu. Madame anaenda kwa nyumba ya wazee, Evere."

Tulienda kwanza kupima ile chumba ya Evere. Kitanda, kabati, dirisha, radiatèr ya joto. Ukuta moja tu ilikuwa wazi, na ilikuwa fupi kuliko tabulo kwa mukono muzima. Bosco akapima. Akapima tena kama ukuta ingemuhurumia. Akasema: "Papa Saidi, hii tabulo mu hii chambre, njo kuingiza ngombe mu kiberiti."

Siku ya kuhama, mvua na upepo. Camion imesimama katikati ya njia, magari nyuma zinapiga honi. Vitu vyote vimetoka. Imebaki tabulo ukutani na Madame Odile kwa kiti ya jikoni, amevaa koti, kibegi juu ya magoti. Mutoto wake, Monsieur Luc, mutu wa miaka hamsini na kitu, nywele zimekimbia, anazunguka na telefone.

"Maman, tuliongea. Tunaiuza. Nitakufanyia photo, kubwa, nzuri, tunaiweka juu ya kitanda."

Madame akamutazama. "Photo ya meli. Na saa sita utanipa photo ya supu?"

"Maman, ukuta haitoshi!"

"Meli isipoenda, mimi siendi."

Akafunga koti mpaka kifungo cha juu. Munajua wazee wakifunga koti hivyo. Luc anatutazama sisi kama tulificha ukuta ingine ndani ya camion. Bosco anatazama viatu. Mimi nikaona ile mikono yake juu ya kibegi, inashikilia kama mutu yuko juu ya boti na hajui kuogelea. Na midomo ikaenda bila kuniuliza.

"Madame, niachie amana."

Luc akauliza amana ni nini. Nikamueleza, na nyinyi muliozaliwa huku mushike vizuri. Kwetu mutu akisafiri anakuachia kitu: cherehani, mbuzi, sanduku. Siyo yako. Huiuzi, huiazimi, hujifanyi tajiri kwayo. Siku mwenyewe akirudi, unamupa, na kama ni mbuzi na imezaa, unamupa na watoto wake. Hakuna karatasi. Karatasi ni ya watu wasiojuana.

"Mimi niko na ukuta," nikasema. "Kubwa. Bibi yangu anaiita jangwa. Atakuja kuitazama kila siku anataka."

Luc akapangusa uso. "Mpaka wakati gani?"

"Mpaka mwenyewe aseme."

Madame Odile akatumia ile sauti ya kumuamuru mulinzi: "Chunga." Akasimama, akaenda mwenyewe mpaka kwa gari bila kugeuka.

Ndipo tukaishusha, ndipo tukatoka nayo mulangoni, ndipo nikaona mugongo ya njiwa.

Kwangu Schaerbeek ni étage, ghorofa ya kwanza, lakini ngazi inajipinda kama utumbo, donc tukaipitisha dirishani na lifti ya nje, ile ngazi ndefu ya chuma. Watu wa mutaa wametoka. Muturuki wa mukate ametoka. Zaina ametoka kwa dirisha, anaona bandari nzima ya Waingereza inapanda kuja kwake.

"Saidi, nini hii?"

"Amana."

"Na hawa watu kwa mashua, watakula hapa?"

"Zaina..."

"Nitasali wapi, na huyu mwenye kofia nyekundu?"

Mimi nikashika fremu, nikaiingiza dirishani. Lakini Zaina ni Zaina. Kesho yake amefungua sanduku, ametoa kitenge yake ya ndege za njano, ile hakutaka hata kuivaa kwa harusi, ameketi kwa cherehani. Akashona pazia. Tukaitundika juu ya tabulo, fimbo, pete, kila kitu. Saa ya swala: anavuta, krrr, bandari imefungwa. Tukimaliza: krrr, bandari imefunguliwa. Wajukuu walikuwa wanapiga makofi kama sinema.

Gust alikuja kunywa chai, akatazama, akasema mwanga inakula rangi kama nondo inakula sufu, na hii pazia ni kitu nzuri sana, na kama Zaina angeweza kumushonea moja ya televizyo yake, sababu bibi yake haizimi.

Na Madame Odile, kila alhamisi, akaja. Bus toka Evere, mimi namungojea kwa kituo. Ngazi ilikuwa inamushinda, nikaweka kiti nusu ya njia, pale inajipinda. Anakaa, anapumua, anasema: "Kigoma." Halafu anapanda tena mpaka mulangoni: "Usumbura!"

Alhamisi ya kwanza aliingia, akakaa, akasema na sauti kubwa: "Leta chai!"

Zaina akageuka polepole. "Saidi. Huyu bibi ananituma ndani ya nyumba yangu?"

Nikawa katikati yao kama kamba ya ile meli. Nikaeleza. Zaina akaketi mbele yake: "Sema: naomba." Madame akarudia. Alhamisi iliyofuata akaingia, kifua mbele: "Naomba leta chai!" Zaina akalia machozi ya kucheka, na toka siku hiyo pilau ya alhamisi ikawa ya Madame, na akitaka kuondoka kabla ya kula, Zaina ndiye anamuamuru: "Kaa chini. Kamata kijiko."

Alhamisi ikajulikana. Wazee wote wa Buyenzi walioko huku wakaanza kupotea njia na kujikuta kwenye salon yangu. Krrr, pazia inafunguka, vita inaanza.

"Inafika," anasema Bosco, mudomo imejaa. "Matanga bamekwisha kunja. Muntu akikunja matanga ni amefika."

"Hawajafungua bado!" mimi nasema. "Mutu anavaa koti ndani ya nyumba? Wanavutwa mpaka inje, ndiyo wafungue."

"Na ule wa kofia, anafanya nini?"

"Anasindikiza."

"Anapokea," anasema Madame Odile. "Baba alisema."

Hakuna aliyeshinda. Siku moja Madame akanigeukia: "Saidi, wewe kwa nini unataka tu itoke?"

Nikatafuta muzaha, na munajua mimi muzaha siukosi, lakini siku hiyo sikuupata. Nikawaambia. Mimi Bujumbura niliiacha na boti, ya kwenda Kigoma, wakati wa mambo yale ya vita. Nilikaa nyuma, juu ya mizigo. Niliona bandari inakuwa ndogo, makreni yanakuwa kama vijiti vya kibiriti, na mama yangu kwa ukingo anakuwa kama punje, na sikumuona tena. Tangu siku hiyo meli zote nazijua upande ule tu. Nikiona meli na muji na mutu amesimama, mimi ninajua ni nini kinatokea pale.

Zaina akaleta ndizi. Lakini alhamisi iliyofuata Madame hakungojea hata koti ivuliwe.

"Saidi. Ule wa kofia nyekundu, mimi namutazama toka mutoto. Hapungi mukono. Mutu akisindikiza, anapunga."

"Mama yangu hakupunga, Madame. Alikuwa ameshika kitenge yake kichwani na mikono miwili. Kulikuwa upepo."

Madame akamugeukia Zaina. Akasema: "Naomba leta chai, yake na sukari nyingi."

Baridi ilipofika, mguu wa Madame ukakataa. Nikawa ninaenda mimi, Evere, na pilau ndani ya sahani imefungwa na taulo. Nilitaka kumuonyesha tabulo kwa telefone, akaisukuma. Photo ya supu, anasema. "Sema." Donc nikawa ninamusemea. Nakaa kwa kile kiti chao cha plastiki, nafumba macho, naanza kushoto: machimni, maghala, munara. Nikiruka kitu ananikamata. "Na kamba?" Kamba iko. "Na moshi?" Moshi unaenda kushoto, Madame, mweusi. "Na mashua?" Mashua iko, na mwenye kofia amesimama. Nikijaribu kumuongezea ndege juu ya tanga, ananipiga mukono: "Hakuna ndege. Weka ndege zako kwa pazia."

Mara ya mwisho sauti ilikuwa ndogo. "Inafika, Saidi?"

"Inatoka, Madame."

"Mubishi." Halafu, ile sauti ya kapita, lakini imechoka: "Chunga."

Tulimuzika siku ya mvua. Monsieur Luc alinipa mukono, hakusema kitu kuhusu tabulo. Mwezi ukaisha, hakupiga telefone. Mwingine pia.

Sasa nitawaambia vile ilivyo, maana nyinyi kazi yenu ni hii, mutaingia kwa nyumba za watu na mutaona vitu. Niliitaka. Usiku... hapana, siyo usiku, mchana kweupe nilikuwa nasimama mbele yake kama mutu anangojea bus. Nilikuwa namuona mama yangu mule, na baba na mifuko yake, na Madame kwa kiti ya Kigoma. Bosco ananiambia: "Nyamaza, Papa. Ule mutoto alishasahau. Na mama yake alikwambia chunga, basi chunga." Wazee wananiambia, amana isiyo na mwenyewe ni zawadi. Maneno matamu, kama maembe ya wizi. Nikamutazama Zaina. Zaina anakunja nguo.

"Wewe unasema nini?"

"Mimi nilishona pazia tu," anasema. "Mutu hashoni pazia ya kitu yake mwenyewe. Angeigeuza ukutani, basi."

Nikachukua telefone. "Monsieur Luc, ni Saidi. Niko na meli za mama yako."

Nikafikiri laini imekatika. Halafu: "Najua." Akaongeza: "Niliacha ukuta wazi, Saïd. Kwa nyumba yangu ya Namur. Toka alivyoenda Evere. Nilitaka kumuambia aje aishi na sisi, yeye na tabulo, na kila siku nikasema kesho. Sasa niliogopa kuja kwako kuichukua bila yeye."

Wallahi, mimi mwenye maneno mengi nilisema "njoo" tu.

Akaja na vijana wawili na camion. Wa kwanza akaikamata kifua wazi. Nikapiga kelele mpaka Muturuki akatoka na mukate mkononi! Nikamuita Bosco. Wazee wawili, goti moja nzima kati yetu, tukazungusha mikanda nyuma, tukaishusha wenyewe.

Kabla ya blanketi, Luc akasimama mbele ya tabulo. Akaniuliza: "Maman alikuwa anasema inafika. Wewe je?"

Nikafungua mudomo. Nilikuwa na hoja zangu zote, matanga, kamba, moshi. Zaina akanipita, akamushika ule mutu mweupe kwa mukono kama mutoto wake.

"Inafika," anasema. "Chukua. Na usiivue blanketi mpaka ipate joto."

Ikatoka dirishani ubavu, upepo haikupata kitu. Nikaitazama mpaka camion ikapinda kwa kona.

Alhamisi bado wanakuja. Ukutani kumebaki alama safi, kubwa, mchana na jua inaonekana sawasawa, na misumari miwili mbali-mbali. Bosco anasimama na kijiko, anaonyesha ukuta tupu: "Hapa, kamba ilikuwa inaenda hivi, donc inafika." Mimi nasema: "Bosco, sasa niko na ushahidi. Tazama. Imetoka." Wanacheka, na mimi nacheka, halafu tunatazama tena.

Wajukuu wametuletea saa kubwa ya ukuta, inafaa pale kabisa. Iko chini ya kitanda.

Na pazia iko. Jana, saa ya alasiri, Zaina ametandika misala, akaenda akaivuta, krrr, ndege za njano zikafunika ukuta tupu.

"Zaina, hakuna mutu pale."

"Wewe sali," anasema.

Tukasali. Tulipotoa salamu, akainuka, goti linalia, akaifungua pazia.